Kufuli la Sukari

Bwera, 6 Januari 2025

Mjomba Swalik,

Assalaam alaikum. Ninakuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi. Wewe unasema, mimi ninasema "ndiyo Mjomba", unakata, halafu ninabaki nimeshika simu na maneno yangu yote mdomoni. Badiru amekubali kubeba barua kwenye lori lako. Nimemwomba asiifungue.

Jajja wangu, mama yako, hakufanyiwa upasuaji leo. Hii ni mara ya pili. Tulifika hospitali saa moja asubuhi, yeye amevaa gauni lake la gomesi la Idi, akatobolewa kidole kupimwa sukari, na Sista Ronah, muuguzi wa macho, akatikisa kichwa. Alisema sukari ikiwa juu hivyo jicho haliguswi, kwa sababu kidonda kinachelewa kupona na vijidudu vinapata nafasi ya kuingia.

Jajja akamwambia, "Chai ya sukari niliacha. Muulize huyu mutoto." Nikasema ndiyo, ni kweli. Na ni kweli, Mjomba. Tangu Desemba hajaonja sukari kwa mkono wangu.

Tuliporudi tulipita mbele ya nyumba ya Kellen, jirani yetu yule mke wa Zedekia. Akaita kutoka jikoni, "Mama Swalik, bushera yako ya asubuhi bado iko hapa. Asali nimeshaweka." Nilisimama barabarani. Jajja hakugeuka hata kidogo. Alisema, "Mlinikataza chai. Bushera hamkutaja." Mjomba, amekuwa akinywa uji huo mtamu kila siku baada ya sala ya alfajiri, na mimi nilikuwa nafikiri anakwenda kumsalimia tu.

Sista Ronah anasema tumechelewa sana. Mtoto wa jicho amekomaa na kuwa mgumu, na kila mwezi tunaoongeza unafanya kazi ya daktari iwe ngumu zaidi. Tena alinikumbusha, kama vile ninaweza kusahau, kwamba jicho la kushoto lilishakufa, kovu limelifunika tangu ile dawa ya majani. Limebaki hili la kulia peke yake. Hili likiharibika, hakuna lingine la kujaribu.

Jioni nilimkuta anamimina maji kwenye kikombe, kidole amekizamisha ndani ili ajue kimejaa.

Tumepewa tarehe 21. Niambie nifanye nini.

Mpwa wako,
Jamira


Kasese, 9 Januari 2025

Jamira,

Barua nimepata. Siku nyingine andika herufi kubwa, na kwa kalamu nyeusi. Hiyo kalamu yako ya buluu ni kama umeandika kwa maji. Meseji usinitumie, simu yangu kioo kimeharibika.

Nimekasirika na sitaficha. Mtu amemaliza senior four, amesoma baiolojia miaka minne, anashindwa na kikombe cha bushera. Mimi nilikuacha hapo na kazi moja tu. Sikusema ulime, sikusema uuze dukani. Nilisema uangalie jicho la mama yangu.

Badiru anakuletea kufuli. Sukari yote, asali, na vile viandazi anavyoficha kwenye mfuko wa unga, weka ndani ya sanduku la bati, funga, ufunguo vaa shingoni. Usimwonee huruma. Huyo Kellen mwambie asimpe Mama kitu chochote isipokuwa salamu.

Halafu nenda umuulize sista mambo haya. Wanapopasua, mtu anakuwa amelala au anaona? Sindano inaingia ndani ya jicho lenyewe? Kichwa wanakifunga kwa kamba? Inachukua dakika ngapi? Mama atakuwa anataka kujua ila anaona haya kuuliza.

Mimi sitakuja. Goti langu bado linakataa klachi, ndiyo maana umeona Badiru peke yake kwenye lori.

Mjomba wako,
Swalik


Bwera, 22 Januari 2025

Mjomba,

NINAANDIKA HERUFI KUBWA KAMA ULIVYOSEMA, lakini nikiendelea hivi karatasi haitatosha, kwa hiyo nitaandika ndogo zilizonona.

Alhamdulillah, jana wamempasua. Kufuli lilifanya kazi. Alikaa wiki mbili bila kusema na mimi isipokuwa "lete maji" na "ondoka mlangoni", lakini sukari ilishuka. Kellen nilimwambia. Alijibu, "Sawa, nitampa bushera bila asali." Nikasema hapana, Mama, hata bila asali. Akaniangalia kama nimemkataza kupumua.

Kabla ya upasuaji waliupima ukubwa wa jicho kwa mashine, ili wachague lenzi ya kuweka ndani. Unaweka kidevu mahali pake na kutulia. Jajja, kila mtu akipita, anageuza kichwa kuitika salamu. Sista Ronah akamwambia, "Mama, jicho likicheza kipimo kinapotea, nitakuwekea lenzi ya mtu mwingine." Jajja akasema, "Na mimi nisiwajibu watu? Watasema nimekuwa na majivuno." Walipima mara tano. Mwishowe Sista alifunga mlango.

Majibu ya maswali yako. Mtu halali, yuko macho, lakini haoni kisu, anaona mwanga tu. Sindano ya ganzi wanachoma pembeni ya jicho. Kamba hakuna. Ilichukua muda wa kama kuchemsha maharage mabichi, Jajja ndiye amesema hivyo. Nilimuuliza kama alitaka kujua haya mapema. Alisema, "Nijue ya nini? Waliniambia lala, nikalala."

Leo asubuhi walifungua bandeji. Nilikuwa nimeshika kiti. Jajja alipepesa, akaniangalia muda mrefu, kisha akasema, "Umekonda. Na nani amekusuka hivyo?" Mjomba, nililia mbele ya watu wote, mimi ambaye huwa sipendi hata kupiga chafya mbele ya watu.

Sasa masharti. Matone mara nne kwa siku, wiki nne. Ncha ya chupa isiguse jicho. Asisugue. Asiinamie, asiinue mzigo, asikae kwenye moshi wa jiko, maji yasiingie. Usiku avae kifuniko cha plastiki. Arudi baada ya wiki mbili.

Shida imeanza leo leo, kwenye sala ya adhuhuri. Nilimwekea kiti. Alikipita akaenda kusujudu sakafuni. Nikamwita sheikh wa msikiti, akaja mwenyewe, akamwambia dini inamruhusu mgonjwa kusali ameketi. Jajja akamjibu, "Wewe nilikuona ukizaliwa." Sheikh akanywa maji akaondoka.

Jamira


Kasese, 26 Januari 2025

Jamira,

Nimefurahi. Nimesoma barua mara tatu pale mlangoni penye mwanga.

Lakini hii ya kusujudu nimeisikia na damu imepanda. Mwambie nimesema mimi mwanawe: jicho limeshonwa, siyo gunia. Akikataa ondoa mkeka. Akitafuta mkeka ondoka na wewe mwenyewe nyumbani aone nani atamwekea matone.

Muulize sista: mtu akishapasuliwa, taa za magari zinazokuja mbele anaziona vizuri, au zinatawanyika kama jua? Baada ya wiki ngapi mtu anarudi kazini? Na mtu akiwa na sukari lakini hajawahi kupimwa, wao watamjua?

Badiru amechelewesha mchele wa Mubuku siku mbili na mimi nimekaa hapa stoo kama mlinzi. Kila mtu ananichosha.

Swalik


Bwera, 1 Februari 2025

Mjomba,

Sijui nianze wapi. Sikuuliza maswali yako, nisamehe. Jajja haendeshi gari.

Jicho limekuwa jekundu. Juzi usiku alilalamika linachoma, jana asubuhi lilikuwa limevimba na anaona ukungu tena. Nilitafuta chupa ya dawa nikaikuta tupu. Siku kumi, Mjomba, na ilikuwa ya wiki nne. Nilifikiri labda ninabana sana, labda mkono wangu ni mzito. Nilijilaumu usiku mzima.

Alfajiri sikulala. Nilisubiri amalize sala, nikamwona anatoa kitu kwenye khanga, anatoka kwa mlango wa nyuma. Chupa ya pili, ile tuliyopewa ya akiba. Nilimfuata. Kellen alikuwa ameketi kwenye kigoda, uso juu, na Jajja anamtia matone. Akamaliza, akajitia mwenyewe. Kisha Kellen tena, la upande wa pili. Ncha ya chupa inagusa kope za huyu na kope za yule, kama watu wanaokula sahani moja.

Nikapiga kelele. Sijawahi kupiga kelele maishani mwangu. Kuku walikimbia.

Kellen alisema, "Wewe mutoto, iko nini? Sista alisema ni dawa ya macho. Na mimi iko na macho."

Jajja ndiye aliyenikasirisha zaidi, kwa sababu hakuona kosa hata dogo. Alisema Kellen alimpa chumvi miaka arobaini, alimpa mbegu, alimpa maziwa mama yangu alipozaliwa, sasa yeye apewe dawa na serikali aifiche chini ya mto kama mchawi? "Na wewe ulishamnyima hata kunipa uji," akasema. "Nilikuwa na aibu naye." Mjomba, kumbe lile katazo letu la bushera ndilo alilokuwa analilipia.

Nimewapeleka hospitali wote wawili kwa bodaboda moja. Sista Ronah hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema uchafu umetoka jicho moja kwenda jingine, na kusujudu hakukusaidia. Amempa dawa kali zaidi, kila saa moja, na kila mmoja chupa yake yenye jina lake. Macho ya Kellen yana mzio tu, hayakuwa na haja ya dawa ile. Kuhusu Jajja amesema siku tatu zitatuambia. Nilimuuliza zitatuambia nini. Alisema, "Kama litabaki."

Ninaamka kila saa. Saa ya simu inalia, ninatia tone, ninalala nimekaa.

Jamira


Kasese, 4 Februari 2025

Jamira,

Kazi moja. Nilikupa kazi moja.

Mimi nilikuwa nangoja kuona la Mama litakwendaje. Sasa nimeona. Kama mtu anafanyiwa na daktari mzuri, analetewa kufuli, ana msichana aliyesoma wa kumwangalia, na bado jicho linaoza, basi haya mambo si ya watu kama sisi. Basi tukae hivi hivi tulivyo.

Usiniandikie tena mpaka kuwe na habari nzuri.

Swalik


Bwera, 7 Februari 2025

Mjomba,

Nina habari nzuri, kwa hiyo nina ruhusa ya kuandika, lakini nitaanza na isiyo nzuri.

Nimeamka mara ishirini na nne kwa siku kwa siku tatu. Nimepika, nimefua, nimepigana na mtu wa miaka sabini kuhusu mkeka. Nimesimama mbele ya sheikh, mbele ya Kellen, mbele ya sista, mimi ambaye darasani nilikuwa nikijua jibu na kunyamaza. Wewe uko Kasese, mwendo wa asubuhi moja tu, na hujakanyaga hapa tangu Oktoba. Unatuma makufuli. Jajja kila gari likisimama anauliza, "Ni Swalik?" Mimi ninasema goti. Nimechoka kusema goti.

Haikuwa kazi moja, Mjomba. Ilikuwa sukari, na kuchelewa kwetu, na kipimo, na mkono wa daktari, na matone, na moshi, na sijida, na Kellen, na aibu ya Jajja ambayo hakuna aliyenifundisha kuifunga kwa kufuli. Kimoja kikilegea vyote vinalegea. Mimi nilikuwa nashika vyote kwa mikono miwili.

Haya, nzuri. Wekundu unapungua. Jana alihesabu vidole vya Sista Ronah kutoka mlangoni, akakosea kimoja, akasema sista ndiye aliyekunja. Jicho litabaki. Na anasali kwenye kiti, ameununia ukuta, lakini anasali kwenye kiti.

Kitu kingine. Barua yako ya mwisho nimeisoma kwa shida. Mistari imepandana, neno "kufuli" umeliandika juu ya "daktari". Ulikuwa unaandika gizani?

Njoo Jumapili ya tarehe 16. Siombi.

Jamira


Bwera, 18 Februari 2025

Kwa mwanangu Swalik, kutoka kwa mama yako Fatumah, kwa mkono wa Jamira.

Ninasema na mutoto anaandika. Nimemwambia asitengeneze maneno yangu. (Sitatengeneza. J.)

Ulikuja Jumapili, ukakaa, ukaondoka kabla ya alasiri ukasema gari linakusubiri. Sikukuambia kitu mbele ya watu, kwa sababu wewe ni mtu mzima na Zedekia alikuwa ameketi pale. Sasa ninakuambia.

Ulishuka kwenye lori ukaja umeshika bega la Badiru. Mtu wa goti bovu anashika bega akipanda, hashiki akitembea penye tambarare. Ulivaa miwani myeusi ndani ya nyumba. Ulimsalimia Kellen ukamwita Mackline, jina la mtu mwingine. Yeye alicheka, mimi sikucheka. Ulipopewa chai ulitia kidole ndani ya kikombe ujue imejaa wapi. Kidole, Swalik. Hiyo ni ya kwangu. Mimi ndiye niliyeivumbua ndani ya nyumba hii.

Na ulitia vijiko sita vya sukari. Nilihesabu. Ninaweza kuhesabu sasa.

Nilipokuomba uniletee uso wako nikubusu, nilikuvua ile miwani. Ulifumba haraka. Hukuwahi. Katikati ya jicho lako la kulia kuna weupe kama maziwa ya unga, na la kushoto limeanza. Miaka yote hii niliomba Mungu jicho lirudi nikuone, na kitu cha kwanza ninachoona ni kwamba wewe huoni.

(Hapa anakunywa maji.)

Jamira amenisomea barua zako zote tena, jana. Lile swali la sindano. Lile la taa za magari. Lile la mtu mwenye sukari ambaye hajapimwa. Ulikuwa unaliangalia jicho langu kama mtu anayemtanguliza mwenziwe mtoni ili aone maji yanafika wapi. Sikukasirika kwa hilo. Mama ni wa kutangulia. Nilikasirika kwamba ulipoona nimeteleza, ulirudi nyuma ukamtukana mutoto.

Ninajua sababu. Ile dawa ya majani ya jicho la kushoto, wewe ndiye uliyeileta kutoka ng'ambo ya mpaka, ulikuwa kijana, ulitaka kunisaidia. Mimi niliinamisha kichwa mwenyewe ukatia. Hatujawahi kulisema. Sasa limesemwa, limekwisha.

Utakwenda kwa daktari wa macho kabla ya Ramadhani. Wakikuambia sukari iko juu, hutabishana. Wakikuambia tulia kwenye mashine, hutasalimia watu. Chupa yako ni yako. Na utasali kwenye kiti, na mimi nitapata habari, kwa sababu nina watu Kasese.

Mama yako.

(Mjomba, sikuongeza neno. Ila ninaomba radhi kwamba sikuliona. Ulisema herufi kubwa, ulisema kalamu nyeusi, ulisema kioo cha simu, na mimi nilifikiri ni ukali tu. J.)


Kasese, 21 Februari 2025

Jamira,

Anaandika Badiru, ninasema mimi. Amecheka mara mbili, nimemwambia akicheka tena atashuka kwenye lori langu.

Nimekwenda. Walinipima kidole kabla ya jicho. Yule daktari aliangalia namba, akaniangalia mimi, akauliza nimekunywa nini asubuhi. Nikasema soda moja. Badiru anasema niseme mbili. Basi, mbili. Wamekataa kunipasua. Wamesema nirudi wiki tatu, sukari ikiwa imeshuka, na kwamba kwa kuwa nimeificha muda mrefu wataangalia pia nyuma ya jicho kama sukari haijaharibu huko, hawaniahidi kitu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa na hasira na watu wote wa mji huu, halafu nikaona ni hasira ileile niliyokuandikia wewe.

Lori sijaliendesha tangu Septemba. Nilimkosa mtu wa baiskeli barabara ya Mubuku kwa upana wa mkono. Sikumwambia mtu. Goti langu ni zima.

Kazi niliyokupa haikuwa moja. Badiru, andika hivyo, usiongeze.

Hapa nyumbani nina pipi kwenye droo ya stoo, soda kwenye kreti, na Bright wa duka la jirani huniletea maandazi bila kuulizwa. Siwezi peke yangu. Ninakuomba uje wiki hizi tatu, na ukae mpaka matone yaishe, kama Mama anaweza kubaki na Kellen.

Ukija, leta lile kufuli.

Swalik


Bwera, 23 Februari 2025

Mjomba,

Ninakuja kesho na Badiru. Kellen atamtia Jajja matone aliyoongezewa na Sista, amenawa mikono mbele yangu mara tatu akinionyesha.

Kufuli ninaleta. Ufunguo unabaki huku. Jajja ameuvaa shingoni na amekataa kuuvua.

Jamira